Taa Iliyoiva

Hii taa inayowaka juu ya kichwa changu ni ya daraja la juu kabisa. Simwambii mtu kwa kujisifu, kiboksi chake ndicho kilichosema. Kiboksi ninacho mpaka leo, nimetilia mbegu za mlenda. Kina mishale ya rangi imepangwa kama ngazi: wa juu mfupi, wa kijani, wa chini mrefu, mwekundu, na pembeni kuna mshale mweusi unaokuonyesha taa yako imekaa ngazi gani. Wa kwangu umekaa juu, kwenye kijani. Inakula umeme kidogo, inamulika sana. Nyumba nzima nyeupe, naona mpaka mjusi wa darini akimeza mate. Wa kumulikiwa ndiye hayupo.

Kuzisoma hizo alama nimejifunza uzeeni, mimi ambaye jina langu likiandikwa ukutani nitapita bila kulisalimia. Walionifundisha wote ninao hapa kooni. Mtu akisema nami mara moja tu, sauti yake inabaki. Dada yangu alikuwa anasema Mungu aliona kuninyima shule na kuniacha hivihivi ni aibu, akanipa kasuku.

Tulikuwa wawili humu ndani, mimi na huyo dada yangu mkubwa, wajane wote, hapahapa Nkowe tulipozaliwa. Waume zetu walitangulia, watoto wakatawanyika, tukarudi kukaa pamoja kama tulivyokaa usichana wetu, tunagombania yaleyale: nani kamaliza chumvi, nani kaacha mlango wa uani wazi kuku wakaingia. Kazi yetu ya jioni ilikuwa kubangua korosho. Korosho zikivunwa nyingi zinakwenda ghalani na maganda yake, lakini kila msimu tulibakiza gunia letu. Mchana tunakaanga uani kwenye debe bovu, na moshi wake ule unaowasha, halafu tukishaswali magharibi tunakaa mkekani, kila mtu na jiwe lake na nyundo yake. Unaisimamisha korosho, unaigonga ubavuni kidogo tu, ganda linafunguka, kiini kinatoka kizima. Ukigonga kwa hasira kinatoka vipande. Dada alikuwa hatoi vipande. Mimi nilikuwa natoa vipande na kuvila haraka asijue.

Macho yake yalianza kuondoka kwa pembeni. Alikuwa anakuona ukiwa mbele yake, ukisogea kidogo umepotea. Tukampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea kama mtu aliyetia muhogo wa moto mdomoni na anaona haya kuutema. "Mama, hii ni presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda. Tutajaribu kulinda kilichobaki." Dada akamuuliza, kimekwenda wapi. Daktari akaandika dawa ya matone.

Njiani kurudi dada akasema kilichobaki kinamtosha, mambo mengi ameshayaona na mengine hataki kuyarudia. Mimi nikacheka. Nikaamini pia, kwa sababu nilitaka kuamini.

Halafu akaanguka jikoni. Alikuwa anatafuta kibiriti, akajikwaa kwenye figa, mkono ukaingia kwenye majivu yaliyokuwa bado na moto. Mwanawe akaja kutoka Nachingwea. Huyo ni fundi wa kuchomea mageti, ana nyumba yake na mke wake huko mjini. Ni mtoto mwema, hilo nalisema mapema, maana hadithi hii ingekuwa nyepesi kama angekuwa mbaya. Ila anaongea kama mwenyekiti anayesoma taarifa kikaoni: neno linatoka, linakaa, linapumzika, ndo mwenzake anafuata.

"Mama mdogo. Nyumba hii ina giza. Mama akianguka tena. Nakuja kumchukua."

Dada alikuwa kitandani na mkono umefungwa bendeji. Akasema, "Kwako mimi nikafanye nini? Hapa hata mguu wangu unajua njia. Nikitoka uani mkorosho wa kwanza niliupanda mimi, wa pili niliupanda mimi. Mama yetu amelala pale. Kwako nitakuwa furushi limewekwa sebuleni."

Mtoto akaitazama ile bendeji. Mwisho akasema sawa, lakini tutie taa ya maana. Akija baada ya muda akamkuta mama yake anaona njia, anafanya kazi yake bila kujiumiza, basi atamwacha. Akimkuta anapapasa, anamchukua.

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Taa ndiyo ya kuamua dada atafia kwao au kwenye kochi la mkwe.

Taa tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kujiviringisha kama utumbo wa kuku, imechoka, ukiiwasha inafikiri kwanza. Tukapanda bodaboda, mimi katikati, dada nyuma amenishika kiuno anasema niache kunenepa anakosa pa kukaa, tukaenda Ruangwa mjini.

Muuza duka la vifaa vya umeme alikuwa kijana wa hukuhuku lakini ulimi ameuagiza Dar. Anaongea kwa pua, mabega yanacheza. "Bi mkubwa! Shwari? Unataka ya pini au ya kuzungusha?" Nikamwambia ya pini. "Wati ngapi?" Nikamwambia zote. Akacheka, akatuwekea viboksi vitatu mezani, akaenda kuwahudumia watu waliotaka nyaya.

Sasa hapo ndipo tuliposoma. Dada alikuwa hawezi tena kuona kitu kidogo vile, ameinua kiboksi mpaka kimegusa pua, akakishusha. Akaniambia nimsomee. Mimi nimsomee! Nikamwambia naona mishale ya rangi na mshale mweusi pembeni.

"Huo mweusi umekaa wapi?"

"Hii ya kwanza umekaa kwenye kijani. Hii umekaa kwenye njano. Hii ya mwisho, umekaa chini kwenye nyekundu."

Dada akauliza mshale upi mrefu. Nikapima kwa kidole. Mwekundu ulikuwa mrefu kuwapita wote, wa kijani ulikuwa kama umekatwa mkia.

"Basi unauliza nini?" akasema. "Kijani ni bichi. Wewe ulishaona mtu anaokota bibo la kijani?"

Na kweli. Sisi tumezaliwa chini ya mikorosho. Bibo likiwa la kijani unalipita, halina maji, linakamata ulimi. Likianza njano unalitazama. Likiwa jekundu limejaa, limeiva, linaanguka lenyewe. Mtu aliyechora mishale ile tulimwona ni mtu wa akili, ameweka mambo wazi hata kwa sisi wasiosoma.

Kijana wa duka akarudi, akatuona tumeshika ile ya nyekundu. Akasema, bi mkubwa, hiyo ya zamani, ilibaki moja tu, na inakula umeme vibaya.

Dada akamjibu, "Hata wewe ulikula sana utotoni na mama yako hakukurudisha dukani."

Watu wa nyaya wakacheka mpaka wakashika meza. Kijana naye akacheka, akaifuta vumbi kwa shati lake. "Haya bi mkubwa. Mnyama huyo. Ukimwasha, jirani anavaa miwani."

Ilikuwa kioo kitupu, ndani unaona kijiwaya chembamba kama unywele wa mtoto. Tukaleta fundi wa hapa mtaani aifunge. Alipotaka kuifunga juu darini dada akakataa. Akamwambia ashushe waya. Fundi akashusha. "Shusha tena." Akashusha. Ikawa inaning'inia pale tunapokaa kubangua, karibu na usawa wa uso, ukinyanyuka bila kuangalia unapigwa kipaji. Fundi akaniangalia mimi, mimi nikamwambia ndiyo macho ya uzee, yanataka kusogezewa vitu.

Tulipoiwasha ilitoka njano kama kiini cha yai. Nilikaa nayo upande wa kulia, sikio langu likapata moto. Nilianza kulalamika, hii taa au jiko, leo tutaivia hapa na korosho zetu. Ilikuwa kipindi cha baridi, ule upepo wa kusini umeanza, kwa hiyo nililalamika kwa mazoea tu. Dada aliugeuza uso wake polepole mpaka ukaelekea kwenye taa sawasawa, akakaa hivyo. Akatabasamu. Siku nyingi nilikuwa sijaona meno yale mawili.

"Hapo," akasema. "Sasa hapo."

Akachukua nyundo. Akagonga. Kiini kikatoka kizima. Akagonga tena, kizima. Nikainuka kwenda kuchukua ungo, nikapita katikati yake na taa, akasema, "Toka, unaniziba mwanga."

Niliganda. Nikarudi nyuma. Nikapita tena makusudi.

"Wewe mtu mzima, unacheza? Nimesema unaniziba."

Mwenzangu, nilitoka uani nikacheza peke yangu kwenye maganda. Nikampigia simu mwanawe. Nikamwambia mama yako ananifukuza, anasema namziba mwanga. Nikasikia yule mwenyekiti sauti imemponyoka, imekuwa ya mtoto. Akasema alhamdulillahi. Akarudia.

Kuanzia hapo jioni zetu zikawa jioni. Dada akitoka msalani anaingia ndani, anasimama kidogo mlangoni, halafu anakwenda moja kwa moja mpaka mahali pake bila kugusa ukuta. Anakaa, jiwe liko magotini, anageuza uso, anaanza. Ananiagiza nimwigizie watu. Nimwigizie daktari, nimwigizie muuza duka, nimwigizie imamu anapotangaza kiatu kilichopotea. Nikipita anasema namziba. Nikawa napita mara nyingi bila sababu, kwa raha tu ya kufukuzwa.

Ila umeme ulikuwa unakwenda. Mwanawe ndiye aliyekuwa anatutumia uniti kwa simu, na kile kisanduku cha luku ukutani kikawa kinalia kama kifaranga kilichoachwa na mama yake. Anatuma, kinanyamaza. Kabla hatujasahau kinalia tena. Dada akasema kisanduku kina njaa, kipelekwe kwa mganga. Siku moja kikafika mwisho kikazima kabisa tukiwa katikati ya kubangua, na dada akajigonga kidole. Akakinyonya. Nilidhani ni giza limemkosesha, mimi pia sikuwa naona.

Mwanawe akaja na mfuko. Kuingia tu ndani, mchana, akaiona ile taa inaning'inia, akaishika kwa kidole, akacheka mpaka akakaa chini. "Nani aliwauzia hii?" Nikamweleza habari ya mabibo. Akacheka tena, akafuta machozi kwa kiganja. Ile miwani yake myeusi ya kuchomelea ilikuwa inaning'inia shingoni, alikuwa ametoka nayo kazini bila kujua. Halafu mwenyekiti akarudi, kikao kikafunguliwa.

"Mama mdogo. Hizi rangi siyo za mabibo. Hapa kijani ndiyo nzuri. Nyekundu ndiyo mbaya. Huu mshale mrefu. Maana yake ulaji mrefu."

Nikamwambia nani kaamua hivyo, mbona hakutuuliza. Akasema tuchukue mfano. Umeweka vibarua wawili shambani. Mmoja anamaliza sufuria ya ugali, analima mstari mmoja. Mwingine anakula bakuli, analima mstari uleule. Utamwita nani kesho? Nikamwambia nitamwita mwenye sura nzuri. Dada akacheka mkekani kwake. Alikuwa amekaa na nyundo, anabangua mchana huo kwa kugusa tu, sikulifikiria hilo.

Basi akanieleza mpaka nikaelewa, na nikiri nilifurahi kuelewa. Wati ni kile taa inachokula, siyo nguvu zake, na sisi wote huku tunauliza wati kama tunauliza nguvu. Mwanga una kipimo chake kingine, kimeandikwa pembeni, kinaitwa lumeni. Taa mbili zinaweza kutoa mwanga uleule, moja inakula kama mgeni wa harusini na nyingine inakula kama ndege. Hiyo mishale ndiyo inayokuambia ipi ni ipi. Akatoa kiboksi kipya kwenye mfuko, akanishika kidole, akakiweka juu ya mshale mweusi. Umekaa juu, kwenye kijani kabisa.

Nikamuuliza, sasa yule mlaji, chakula chote kile kama hakigeuki mwanga kinakwenda wapi?

"Kinakuwa joto, mama mdogo. Joto la bure. Halina kazi."

Nyundo ya dada ikasimama.

"Joto la bure," akasema.

"Ndiyo, mama. Taa kazi yake mwanga."

Dada akasema yeye ameshaizoea ile. Akasema iachwe, atakuwa anaizima mapema, hata kila siku hatawasha, atawasha anapobangua tu. Mwanawe akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa upole kabisa kwamba amemletea bora kuliko ile, taa ya daraja la juu, kwa ajili ya macho yake. Dada akasema, "Iache, mwanangu." Mimi ndiye niliyeingilia. Mimi na elimu yangu mpya ya robo saa. Nikamwambia dada acha ubishi, kijani ndiyo nzuri, nimesoma mwenyewe.

Magharibi ilipoingia mwanawe akaifungua ile ya zamani, tulikuwa tumeiwasha kidogo kumsalimia nayo, akaishika kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa ya moto. Akaupandisha waya juu, akaufunga darini, akasema taa nzuri inamulika nyumba nzima kutoka juu, haina haja ya kushushwa kama ndoo kisimani. Akaitia mpya. Akabonyeza.

Loo. Nyeupe. Niliona utando wa buibui ambao nadhani uliachwa na bibi yetu. Niliona mikono yangu, nikataka kuuliza ni ya nani. Niliona viroboto wa kuku wakitafuta pa kujificha. Nikamgeukia dada nimwambie aangalie.

Alikuwa amekaa mahali pake, jiwe magotini. Anageuza uso kushoto, anausimamisha. Anageuza kulia, anausimamisha. Kama kuku anayesikiliza mwewe. Akaunyanyua juu, akaushusha.

"Mnaiwasha lini?" akauliza.

Mimi nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu, ndiyo ishara tuliyokuwa nayo tangu watoto, ukikohoa mwenzako anajua baba yuko karibu. Dada akashtuka, akasema haraka, "Ah, nzuri. Nzuri sana, inang'aa." Lakini uso wake alikuwa ameuelekeza kwenye kabati.

Nikainuka. Nikapita mbele yake taratibu. Nikarudi. Nilipita pale mpaka kanga yangu ikamgusa goti, nikawa naomba kimoyomoyo anifukuze. Hakunifukuza.

"Mama mdogo," mwanawe akasema. "Acha."

Akachuchumaa, akapitisha mkono mbele ya macho ya mama yake, mara ya kwanza mbali, halafu karibu kabisa, karibu na kope. Halafu akatoka nje. Nikamkuta amesimama kwenye maganda ya korosho, anaizungusha ile miwani myeusi shingoni, inazunguka na kuzunguka. Mtu ambaye kila siku anajikinga macho na moto. Akaniuliza tangu lini. Nikamwapia kwamba alikuwa anaona. Nikamwambia mambo ya kuzibwa mwanga. Akasema, "Haoni hata kivuli, mama mdogo." Bila kupumzisha maneno, yote kwa mkupuo.

Asubuhi akaleta gari ya kukodi. Dada hakubishana. Alikuwa ameahidi na mwanawe alikuwa ameahidi. Aliomba nyundo yake tu. Mwanawe akamwambia nyumbani nyundo zipo nyingi, yeye ni fundi. Dada akasema hizo ni za misumari. Akapewa yake akaipakata. Alipopita mkorosho wa kwanza alinyoosha mkono dirishani, lakini gari ilikuwa imekaa mbali nao.

Nilikaa muda nikitafuta nafuu ya magoti, halafu nikaenda Nachingwea kumwona. Nyumba ya mwanawe ni nzuri, chini marumaru, dirishani nondo alizozikunja mwenyewe maua maua. Mkwe ni mwanamke mkarimu, ana sauti laini kama ya wale wa redioni wanaosoma salamu: "Karibu mama mdogo, jisikie nyumbani, hapa ni kwako." Akanionyesha taa. Sebuleni, vyumbani, msalani, zote daraja la juu, mwanga mweupe mchana kutwa kwa sababu mapazia mazito hayafunguliwi, vumbi. Nyundo ya dada ilikuwa juu ya kabati. Kubangua hakuwezekani, marumaru zitapasuka. Nje hawezi kukaa, mtaro wa mtaa uko wazi. Kila kilichokatazwa kilikatazwa kwa huruma.

Dada alikuwa kwenye kochi. Amepungua. Nikamwambia furushi limekaa vizuri. Akasema limefungwa vizuri pia.

Mkwe alipokwenda kupika nikamuuliza. Nikamwambia sasa tuko wawili, sema kweli, ile taa nyekundu ulikuwa unaionaje?

"Sikuwa naiona."

"Na ukawa unanifukuza?"

"Ukipita ilikuwa inakatika," akasema, akagusa shavu lake. "Hapa. Ilikuwa inanishika hapa. Nikiipata hapa, basi najua jiwe liko wapi, wewe uko wapi, mlango uko nyuma. Nikiingia ndani nasimama nasikiliza imekaa wapi, naifuata." Akashusha mkono. "Hii ya kwao wanasema inamulika. Sijui inamulika wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mdomo wangu hauna kizibo, ningemwigizia mwanawe siku hiyohiyo. Ni kweli.

Nilirudi Nkowe nikaenda moja kwa moja kwenye debe nilikoiweka ile taa ya zamani. Nikaifunga kwenye kanga mbili, nikaizika kwenye bakuli la korosho zilizobanguliwa, nikapanda tena bodaboda, bakuli tumboni kama mimba. Ile barabara wanayoitengeneza kila mwaka. Kila shimo nilikuwa namwambia dereva apunguze, naye ananijibu kwa ile sauti yao ya kupiga kelele na upepo, "Bibi, nikipunguza tena tutarudi nyuma!"

Mwanawe nilimweleza yote, mbele ya mama yake, mbele ya mkwe. Nilitegemea kikao. Hakufungua kikao. Alisimama, akavuta kiti, akashusha ile taa yake ya daraja la juu pale sebuleni, akaenda kuleta waya mrefu wa kuning'iniza mpaka kwenye kochi. Mkwe alimshikia tochi. Dada alikuwa ameshaanza kuugeuza uso, anautafutia mahali.

Akabonyeza. Haikuwaka. Akabonyeza tena. Akaitoa, akaisogeza sikioni, akaitikisa kidogo. Hata mimi nilisikia. Ndani kitu kidogo kilikuwa kinalia, kama punje moja ya ufuta kwenye kopo tupu.

"Waya umekatika, mama mdogo."

Akasema atatafuta nyingine. Na ametafuta, sitamsingizia. Amezunguka maduka yote ya Nachingwea, akaenda mpaka Masasi. Mimi nikarudi kwa yule wetu wa Ruangwa. Akanikumbuka. "Bi mkubwa, wale wanyama hawaji tena. Wameisha kabisa. Chukua hii, kijani tupu." Nikamwambia najua kijani ni nini, nimesoma.

Ila hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile dada aliomba apewe ile iliyokufa. Akaipakata kwa viganja viwili, akaipandisha mpaka kwenye shavu, akaiweka pale kwa muda.

"Imepoa," akasema, akairudisha mapajani.

Nikamwigizia muuza duka. Nikamwigizia dereva wa bodaboda, na mashimo yake yote. Mkwe alicheka sana, mwanawe alicheka kidogo. Dada alikuwa anasikiliza, najua alikuwa anasikiliza, vidole vyake vilikuwa vinaizungusha ile taa polepole.

Wakati wa kuondoka ulipofika mwanawe alikuwa amesharudisha taa yake juu, sebule nzima nyeupe. Bodaboda alikuwa nje anapiga honi. Nikaenda kusimama mbele ya dada, palepale kati yake na ile taa, nikamzibia kabisa, kivuli changu chote kimemfunika kuanzia kichwani mpaka magotini. Nikasimama. Honi ikapigwa tena. Nikawa bado nimesimama, namsubiri aniambie nitoke.

Akauliza kama nimeshaondoka.